Shosh Hahitaji Poda, Anahitaji Chuma

Kila wiki lazima kuna mtu ataniandikia: "Dada, nimnunulie buda poda gani ya jimu? Siku hizi anachoka sana." Buda mwenyewe ana miaka 68, mwingine 71, na wiki jana kuna msee alisema babake amefika 80. Wanaulizia ile poda yenye kafeini, ile unakoroga kwa maji kabla ya kupiga chuma, na dakika ishirini baadaye ngozi inakuwasha na unajiona unaweza kusukuma matatu mlima wa Kangemi. Mimi huuliza swali moja tu: mzee hufanya mazoezi gani? Jibu halijawahi kubadilika. Hafanyi. Amekaa.

Sasa hiyo poda ni ya kumsaidia kukaa kwa nguvu?

Acha niseme hii kitu wazi. Wazee wetu hawajapungukiwa na kafeini. Hawa ni watu wanaokunywa chai asubuhi kabla jua litoke, saa nne wanakunywa tena, saa kumi wageni wakija wanakunywa nao, na usiku chupa ya chai bado iko mezani. Walichopungukiwa ni misuli. Na wanaoimaliza hiyo misuli ni sisi, watoto na wajukuu, tena kwa upendo kabisa, tukiita hiyo heshima.

Unajua venye inakuwa. Shosh akiinama kuchukua ndoo ya lita tano, watu watatu wanaruka. "Shosh, wacha, nitabeba." Akitaka kupanda kwa kiti kufungua dirisha, kelele. Akitaka kushuka kwenda kununua nyanya, mtoto wa jirani anatumwa. Mzee akiingia kwa nyumba, kiti kinasogezwa, mto unawekwa mgongoni, rimoti mkononi, chai kando. Tukimaliza tunajipongeza. Huyo ametunzwa. Lakini mwili haujui heshima. Mwili unajua tu kwamba leo hakuna kitu kizito kilichobebwa, na jana pia hakukuwa, kwa hivyo hiyo misuli ya nini? Inaachiliwa iende.

Na inaenda kweli. Kuanzia miaka ya thelathini, mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na akivuka 60 mwendo unaongezeka. Hali hiyo ilipewa jina lake la kisayansi, sakopenia, mwaka 1989. Yaani tangu kabla hata sijazaliwa watu walikuwa wanajua, na bado sisi tunasema tu "ni uzee, utafanyaje."

Wengi mkisikia misuli mnafikiria picha za vifua kwenye simu. Mimi naongea kuhusu choo. Ndiyo, choo. Ukiwa Kawangware, ama ukienda ushago, choo ni shimo, na kukitumia ni kuchuchumaa hadi chini kisha kuinuka bila kushika ukuta, kwa sababu ule ukuta hakuna mtu anataka kuushika. Hilo ni zoezi lile lile tunalolipia pesa jimu, na shosh analifanya kila siku, kwa miguu inayozidi kuisha. Siku atashindwa kuinuka, hatakuita kwa sauti. Ataona aibu. Ataanza kunywa maji kidogo ili asiende mara kwa mara, na wewe utaona amekauka midomo na utadhani ni malaria. Nimeongea na wamama wa kutosha kujua hii si hadithi ya kutisha watu.

Sasa kuna wale watasema: wewe ni msichana wa miaka 22, uliacha chuo mwaka wa pili, unatufundisha sayansi gani? Sawa, niliacha. Lakini kusoma sijaacha, na utafiti haukuulizi cheti mlangoni.

Mwaka 1990 kule Boston, Marekani, mtafiti anayeitwa Maria Fiatarone na wenzake walichukua wazee kumi wa nyumba ya kutunzia wazee. Mdogo wao alikuwa na miaka 86, mkubwa 96. Watu wa mkongojo, watu waliowahi kuanguka. Hakuwapa mazoezi ya kupunga mikono kwenye kiti. Aliwapa uzito wa kweli, asilimia 80 ya ule mzito zaidi ambao mguu ungeweza kusukuma, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Tisa walimaliza. Nguvu za miguu zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Soma tena hiyo namba. Wawili waliokuwa wakitembea na mkongojo waliuweka chini.

Miaka minne baadaye, 1994, akarudia na watu 100, umri wao wa wastani miaka 87. Safari hii wengine walipewa vyuma, wengine kinywaji cha lishe, wengine vyote viwili, na wengine hawakupewa chochote kati ya hivyo. Waliopiga chuma walipata nguvu na kupanda ngazi vizuri zaidi. Kile kinywaji peke yake hakikufanya kitu. Kwa hivyo wewe unayetaka kumtibu buda kwa kikombe, hiyo mechi ilichezwa kabla uzaliwe, na kikombe kilipoteza.

Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo 2020: mtu wa miaka 65 na zaidi afanye mazoezi ya kuimarisha misuli yote mikubwa angalau siku mbili kwa wiki, na juu ya hapo mazoezi ya nguvu na usawa wa mwili siku tatu au zaidi ili asianguke. Halikusema "isipokuwa wazee wa Afrika, hao wakae."

Hoja inayonikasirisha zaidi ni hii: "Wamefanya kazi ngumu maisha yao yote, waache wapumzike." Nakubali nusu. Shosh yangu alilima, akachuma chai ya watu, akabeba kuni mgongoni mpaka ile kamba ikamwachia alama kichwani ambayo bado naiona. Hakuna mtu anamdai kazi. Lakini kazi ngumu na mazoezi si kitu kimoja. Kazi haikuulizi kama jana ulilala. Mzigo wa kuni ni ule ule ukiwa na miaka 30 na ukiwa na 60, tena unabebwa kwa mgongo uliopinda, kila siku, bila mapumziko, bila nyama kwenye sahani. Mazoezi ni kipimo. Unaanza na kidogo, mwili unazoea, unaongeza kidogo, unapumzika siku moja, unakula. Mtu aliyebeba mizigo ya wengine miaka hamsini ndiye anastahili kuliko sote kubeba mzigo wa kumjenga yeye.

Halafu kuna huu mtindo wetu wa kuwaleta Nairobi. Mzee anaugua kidogo ushago, tunamleta karibu na hospitali. Tunamweka Uthiru, ama Kangemi, ama Kinoo, gorofa ya nne, jengo halina lifti. Ushago alikuwa anatembea kwenda kwa ng'ombe, kwa kisima, kanisani, kwa jirani kugombana. Hapa ana sebule, kochi, na dirisha linaloangalia ukuta wa jirani. Akishuka mara moja kwa wiki Jumapili, inachukua dakika kumi na mjukuu wawili wa kumshika. Baada ya miezi mitatu hashuki tena. Tunasema ugonjwa umezidi. Wakati mwingine ugonjwa ulishapona kitambo, ni kochi ndilo limebaki likimla.

Shosh yangu alikuwa hapo hapo, gorofa ya nne. Niliamua kuanza naye na kiti. Kaa, inuka, bila kushika. Mara tatu ya kwanza alishika meza. Daktari wa kliniki yake ya presha alikuwa ameshasema hakuna shida mradi asizuie pumzi akiinua kitu, kwa hivyo tulikuwa tunahesabu kwa sauti, yeye kwa Kikuyu, mimi namfuata. Wiki ya pili nikampa pakiti moja ya unga ya kilo mbili aikumbatie kifuani akiinuka. Wiki ya tano pakiti mbili. Baadaye jerikeni ya lita tano, iinuliwe kutoka chini, irudishwe chini polepole. Anko wangu alinikuta siku moja akapiga kelele kwamba nataka kumuua mamake. Shosh ndiye alimjibu, na siwezi kuandika hapa alichosema. Mwezi wa nne alikuwa anashuka ngazi zote peke yake kwenda kwa mama mboga, na kurudi na lawama kwamba nyanya nilizokuwa nanunua zilikuwa mbovu.

Ukitaka kujua wako amesimama wapi, chukua kiti kisicho na mikono, kiegemeze ukutani, asimame karibu nawe, mikono ikunjwe kifuani. Hesabu anainuka mara ngapi kwa sekunde 30. Kituo cha CDC cha Marekani kinasema mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akipata chini ya 10, yuko chini ya kawaida na hatari ya kuanguka ipo. Mwanaume wa umri huo, chini ya 12. Jaribu pia wewe mwenyewe uone, manake kuna wasee wa miaka 24 wanaoishi kwa bodaboda na chipsi ambao wataaibika.

Turudi kwa kafeini, kwa sababu najua hamtalala bila hiyo.

Inafanya kazi, sibishani. Hadi 2004 ilikuwa kwenye orodha ya vitu vilivyodhibitiwa michezoni. Kiasi kinachotajwa na watafiti wa michezo ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya uzito, na inakuongezea kidogo, kidogo, kwenye nguvu na kwenye kuvumilia. Lakini wengi waliopimwa ni vijana waliozoea jimu. Shosh wa kilo 60, hesabu ya chini kabisa ni miligramu 180. Kikombe cha chai kina kama 45, cha kahawa kama 95. Poda nyingi za jimu, kijiko kimoja kina 200 hadi 300. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe 200 kwa mara moja na 400 kwa siku. Mwenye afya, wamesema. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha karibu robo ya Wakenya wa miaka 18 hadi 69 wana presha ya juu, na wengi hawajui. Kafeini hupandisha presha kwa saa kadhaa, hasa kwa mtu asiyeizoea kwa kiasi hicho. Kwa hivyo wewe unachukua mzee ambaye hajapimwa, unampa kijiko chenye chai tano au sita ndani yake, apige moyo wake mbio, halafu akae kwa kochi. Hiyo si huduma, bana.

Upande wa pili pia mko vibaya. Nyinyi mnaomnyima shosh chai kabisa kwa sababu mmesoma mahali kwamba kafeini ni sumu. Mtu aliyekunywa chai miaka sitini mwili wake umeizoea, na vikombe viwili vitatu vya mchana si vita yenu. Kama moyo unaruka mapigo, ama presha haishikiki na dawa, uliza daktari, usiulize mimi. Mpe kikombe kimoja nusu saa kabla ya mazoezi, atafurahia, na kama kuna nguvu kidogo ya kafeini ataipata hapo bila kununua mkebe wa elfu nne. Unachopaswa kuangalia ni saa. Kafeini inachukua kama saa tano kupungua nusu. Chai ya saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku nusu yake bado iko kazini. Halali, anaamka kukojoa, choo kiko mwisho wa ploti, taa imeungua tangu Januari na kepteka hajali. Hapo ndipo watu huvunja nyonga.

Lakini kosa kubwa la chai si kafeini hata. Ni kwamba chai imekuwa chakula. Asubuhi chai na mkate. Jioni, "leo sina njaa, nipatie tu chai na mkate." Na sisi tunampa, tunasema wazee hawali sana. Wataalamu wa lishe ya wazee wanataka gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, zaidi ya kijana wa kawaida. Shosh wa kilo 60 anahitaji 60 na ushee. Kipande cha mkate kina kama 3. Yai lina 6. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina kama 15. Fanya hesabu ya hiyo jioni ya chai na mkate uone misuli itajengwa na nini. Tena chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma ya maharagwe na mboga yasiingie vizuri mwilini. Mpe ndengu, mpe omena, mpe yai, halafu chai ije saa moja baadaye.

Najua kwa nini ni chai. Ni bei. Inua Jamii inampa mtu wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku thelathini, toa kodi, toa dawa, uniambie kama wewe usingekunywa chai. Kwa hivyo wewe mwenye pesa za poda, hiyo elfu nne ni trei kadhaa za mayai.

Na kuna kitu huwa kinanichoma nikipita James Gichuru Road. Pale St Austin's, mapadre wa Roho Mtakatifu walipanda kahawa mwishoni mwa karne ya 19, kati ya mashamba ya kwanza kabisa ya kahawa hii nchi. Baadaye hizo ridge zote za magharibi mwa Nairobi zikajaa mibuni. Watu wa kizazi cha guka ndio walichuma na kubeba magunia, na Waafrika wengi hawakuruhusiwa kupanda yao hadi miaka ya 1950. Leo mtaa ule ule una mikahawa ya kikombe cha shilingi mia tatu na jimu zenye vioo, na guka akitokea mlangoni anaonekana amepotea njia.

Si maneno ya kubuni. Nilimpeleka mzee wa jirani, miaka 73, kwa jimu moja huko upande wa Westlands, siitaji jina. Kijana wa mapokezi alimwangalia akaniuliza mimi, si yeye, "Huyu anataka nini?" Halafu akasema sera yao hairuhusu zaidi ya 65 bila barua. Barua ya nani? Hakujua. Mzee aliomba msamaha. Aliomba msamaha, wasee, kwa kutaka miguu yenye nguvu. Tukarudi na mat ya 22 hadi Kangemi na hakuongea njia yote.

Na hii nchi ndiyo ilimshangilia Kimani Maruge mwaka 2004 alipoingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Kila mtu alisema haijachelewa. Kalamu haijachelewa lakini dambeli imechelewa? Kule Korogocho kuna mashosh wa Shosho Jikinge, wanarusha ngumi na mateke kwa miaka mingi sasa kwa sababu wabakaji walidhani mwanamke mzee ni rahisi. Hao hawakungoja barua.

Ninachodai si kikubwa. Jimu zetu za mabati, zile za Kawangware zenye mikebe ya rangi iliyojazwa simiti, huwa tupu kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane. Kocha analala kwenye benchi na redio. Hizo saa ni za wazee, hawana haraka ya kazi, na hawapendi ule mziki wetu wa jioni. Weka viti vinne imara, punguza uzito, mfundishe kocha kupima presha kabla ya kuanza. Ile mashine ni ya elfu chache, gawaneni. Nimeongea na mwenye jimu mmoja hapa kwetu. Kwanza alicheka. Halafu akauliza kama mamake anaweza kuja, amekuwa akilalamika magoti. Tumekubaliana Jumanne na Ijumaa, saa nne, shilingi hamsini, na mwenye hana aingie bure. Usije na poda.